Kichupa cha Kagendo

Wawira, mama yangu,

Mmetoka hapa saa tatu na nusu, wewe na mama yako, kwenda Embu kununua godoro, ndoo na vile vitu vingine vya orodha ya koleji. Niliwaambia nina kazi. Kazi sina. Niliwasindikiza hadi barabarani, mkapanda gari, nikarudi nikakaa kwenye meza ya jikoni, nikasimama, nikaenda kumwangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote, nikarudi tena. Hii ni karatasi ya tatu. Zile mbili nimezitia motoni, kwa sababu moja ilianza na habari za mvua na ya pili ilianza na pongezi.

Sitakuandikia kuhusu dawa zako. Mama yako amekukumbusha mara kumi, nawe umemjibu mara kumi kwa ile sauti yako ya kuchoka, na mna haki nyote wawili. Sitakuandikia kuhusu wavulana wala chakula cha koleji. Kesho unaenda Meru kusomea kuwa klinikal ofisa, na mambo hayo utayajua bila mimi. Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi, na tangu Jumapili limekataa kukaa.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho lugha ya nyumba hii. Mimi Mwembu, mama yako Mmeru, na tangu tuoane kila mmoja anadai lugha ya mwenzake inamkwaruza koo, basi tukakutana hapa katikati. Na kukuita mama, hilo nimekuita tangu uzaliwe. Una jina la mama yangu, na mimi si mtu wa kumtaja mama yangu kwa jina ovyo ovyo. Ndiyo maana pia ninayotaka kusema yananitia aibu mara mbili.

Jumapili pastor alikuita mbele uombewe safari. Ulivaa ile gauni ya bluu. Ukashika maikrofoni bila kutetemeka, ukasema jinsi ulivyokuwa ukianguka darasani, jinsi wenzako walivyokukimbia, jinsi picha ya kichwa chako ilivyoonyesha minyoo ndani ya ubongo. Halafu ukasema, na nayakumbuka maneno yako neno kwa neno: "Tulikuwa na dada wa kazi, anaitwa Kagendo. Alikuwa na tegu na hakuwa ananawa mikono. Naenda kusoma ili mtoto mwingine asipatwe na Kagendo wake."

Watu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya vyoo vya kanisa mpaka wimbo ukaisha. Mama yako alinikuta huko akanipa leso, akidhani ni machozi ya furaha.

Kagendo hakuwa na tegu, Wawira. Mwenye tegu nilikuwa mimi.

Haya, nimeandika. Nimetoka nje kidogo baada ya kuandika hivyo, nikazunguka nyumba, nikanywa maji ya mferejini, na sentensi bado iko hapa nilipoiacha. Basi nitaendelea.

Unajua kazi yangu. Mkaguzi wa nyama. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiwaambia wenzako kwamba baba yako ndiye anayewapa ng'ombe muhuri wa kwenda mbinguni. Zamu yangu wakati ule ilikuwa kwenye kile kichinjio cha nguruwe upande wa chini. Nguruwe nampindua ulimi, napapasa, natazama, kisha nakata misuli kutafuta vile vifuko vyeupe vidogo kama punje za mchele. Nguruwe anayefungwa bandani na kulishwa huwa hana. Anayefunguliwa azurure ajitafutie, akafika nyuma ya boma la mtu asiye na choo, huyo ndiye mwenye navyo. Mtu akila nyama yake haijaiva, anapata tegu, ule mnyoo mrefu bapa, tumboni. Mtu mwenye tegu akienda haja asinawe vizuri, mayai yanabaki mikononi mwake, na anayekula kutoka kwa mikono hiyo anapata vifuko kichwani. Haya yote niliyajua vizuri. Nilikuwa nikiyafundisha kwenye baraza la chifu, watu wananiuliza maswali, najibu huku nimesimama kifua mbele.

Lakini kulikuwa na mtindo pale kichinjioni ambao haukuandikwa kwenye kitabu chochote. Wachinjaji walikuwa wakiwasha moto asubuhi, na kabla sijamaliza kukagua, mbavu mbili tatu ziko tayari kwenye waya. Nikifika kuinua muhuri, mtu ananiletea kipande: inspekta, onja. Kukataa ni kujifanya mkubwa. Kusema haijaiva ni kuwa mwoga. Nilikula. Nilikula nyama ambayo sijaipigia muhuri bado, ikiwa nyekundu katikati, nikiwa nimevaa koti jeupe la ukaguzi. Tulikuwa tukicheka sana asubuhi zile.

Baada ya muda nikaanza kuona kitu chooni. Vipande vyeupe, bapa, urefu wa ukucha, vinavyojikunja vyenyewe. Mtu mwingine angeogopa asijue ni nini. Mimi nilijua siku ya kwanza. Na dawa yake ni vidonge tu, jambo la siku moja. Ila kemisti pale Runyenjes ananijua, muuguzi wa zahanati ananijua, na nikawaza: mkaguzi wa nyama akiwa na tegu, nani ataamini muhuri wake? Nikasema nitaenda mbali siku nikipata nafasi. Nafasi haikupatikana. Nilikaa hivyo zaidi ya mwaka mzima, Wawira, na nikitoka kazini wewe ulikuwa unaningojea pale langoni.

Sijui kama unakumbuka tulivyokuwa tukila. Mama yako alikuwa akiniwekea mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, kwenye sahani, wewe unakuja unapanda kwenye paja langu, na hukutaka kijiko chako. Nilikuwa nakata donge kwa vidole, nalifinyanga dogo dogo, nakutilia mdomoni. Ukimaliza moja unafungua mdomo kwa lingine. Mama yako alikuwa akisema namharibu mtoto, ana miaka minane, analishwa kama kifaranga. Nami najibu kwamba namlisha mama yangu. Kunawa nilinawa, kama anavyonawa mwanamume mwenye njaa: maji juu ya vidole, kisha kwenye suruali.

Hapa nilitaka kuandika kwamba sikujua. Nimeikata sentensi hiyo. Nilijua kila hatua, kila mahali mayai yanapopita, na bado sikuwahi kuyaunganisha na vidole vyangu. Niliwaza tegu ni aibu yangu ya chooni. Ya mezani sikuiona.

Siku uliyoanguka mara ya kwanza ilikuwa paredi ya Jumatatu. Mwalimu alisema ulisimama wima, kisha ukaanza kutazama upande mmoja, kisha ukaenda chini. Watoto walikimbia. Hata walimu wawili walirudi nyuma, kwa sababu wapo watu wanaoamini mate ya mwenye kifafa yakikugusa unashikwa nawe. Kagendo ndiye aliyekwenda kukuchukua, maana mama yako alikuwa sokoni na mimi kazini. Alikubeba mgongoni hadi nyumbani, ukaanguka tena mlangoni, akakulaza ubavu, akakaa chini na kichwa chako juu ya mapaja yake, akikufuta mate kwa leso yake mwenyewe. Majirani walisimama kwenye ua wakitazama. Tangu siku hiyo alihamisha godoro lake chumbani kwako. Alikuwa na mtoto wake mwenyewe aliyemwachia mama yake kule Mitunguu, nadhani mlikuwa rika moja, na kuna siku niliwaza kwamba anakufanyia wewe yale ambayo hawezi kumfanyia wake.

Tulizunguka. Kwanza ikasemwa ni malaria iliyopanda kichwani, tukatibu malaria. Kisha ikasemwa ni mapepo, ukaombewa wiki tatu. Kisha muuguzi mmoja mwenye akili akatuambia kuna daktari wa ubongo anayekuja hospitali kubwa ya Embu mara moja kwa mwezi. Tulifika kabla jua halijatoka, na benchi lilikuwa limejaa. Watu wa Mbeere, watu wa Tharaka, akina mama wenye watoto wakubwa mikononi, wengine na makovu ya moto kwa sababu walianguka jikoni. Msichana mmoja wa umri wako alikuwa amefungwa kamba kiunoni, mwisho wa kamba umeshikwa na nyanya yake. Nilipoiona kamba ile nilishika mkono wako kwa nguvu mpaka ukalia.

Daktari alikuwa mama mfupi, sauti ya chini, hana haraka ingawa nje kulikuwa na foleni ya siku mbili. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Unatazama upande gani kabla ya kuanguka, mkono upi unaanza, unajikojolea, unakumbuka nini. Akatupeleka kupiga skani. Tuliporudi na picha akaiinua dirishani, akatuonyesha madoa, na kwenye doa moja kubwa kulikuwa na nukta ndani. Akasema nukta ile ni kichwa cha mnyoo. Mimi nilikuwa nimeviona vifuko vile kwenye nyama maelfu ya mara. Sikuhitaji kuelezwa.

Akasema kitanda kikipatikana utalazwa, utapewa dawa ya kuzuia kuanguka, kisha dawa ya minyoo pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe, kwa sababu mnyoo ukifa ndani ya kichwa ubongo unauvimbia. Kisha akaweka kalamu chini akatutazama mmoja mmoja. "Mtoto huyu hakupata hivi kwa kula nguruwe," alisema. "Kuna mtu mwenye tegu anayeshika chakula chake. Nataka choo cha kila mtu mzima ndani ya nyumba." Akatupa vichupa vitatu, cha mama yako, cha Kagendo na changu.

Ile siku moja ningeweza kusema. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, picha ya ubongo wako iko dirishani, na mdomo wangu ulikuwa wangu. Nimeirudia siku hiyo mpaka imechakaa. Nadhani kilichonifunga ni kwamba daktari alinitazama mimi kwa muda mfupi kuliko wote. Alikuwa ameona kwenye fomu kazi yangu ni mkaguzi wa nyama, akaniambia, wewe unayaelewa haya, utanisaidia kuwaeleza. Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake asubuhi kila mtu alijaza kichupa chake. Kagendo aliandika majina kwenye plasta kwa ile hati yake nzuri, akabandika, akavifunga kwenye mfuko. Mimi nikavipakia kwenye pikipiki nivipeleke maabara. Nilipofika kwenye ile kona ya mibuni nilisimama. Nilibandua plasta ya jina langu na plasta ya jina la Kagendo, nikazibadilisha. Plasta ilikuwa bado inashika vizuri. Haikuchukua hata dakika moja.

Majibu yalitoka: mama yako safi, mimi safi, Kagendo ana tegu.

Kagendo hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, tena kwa utaratibu, akimtazama mama yako. Alisema: "Mama Wawira, mimi nguruwe sijawahi kuonja tangu nizaliwe." Ni kweli, Wawira, hata wewe unajua. Kwao walikuwa watu wa kanisa la Jumamosi, nguruwe haingii nyumbani. Tulipokuwa tukipika ya kwetu alikuwa anatoka nje kabisa.

Mama yako si mjinga. Alinigeukia akaniuliza, "Wewe ndiye mtaalamu. Mtu asiyekula nguruwe anapataje tegu ya nguruwe?" Nikamjibu, "Watu hula wakijificha."

Maneno matatu. Kubadilisha plasta nilifanya kwa hofu, kona ya barabara, peke yangu, nikiwa sijielewi. Maneno haya niliyasema jikoni kwangu, nimetulia, mbele ya uso wa yule mwanamke, na kwa sauti ya mtaalamu. Kama kuna mahali pa kunichukia, ni hapo.

Alipewa vidonge vya minyoo ambayo hakuwa nayo, akavimeza tukimtazama, kwa maji uliyomletea wewe. Mama yako akamfungia nguo zake kwenye mfuko mchana ule ule. Wewe ulilia ukashika sketi yake, na mimi ndiye niliyekubandua vidole. Wiki iliyofuata nilipanda gari hadi Chuka, mahali ambapo hakuna anayenijua, nikanunua vidonge vyangu. Asubuhi moja tu, nikapona. Wewe ulikuwa umeshalazwa hospitalini, kichwa kinakuuma hadi unatapika, unauliza Kagendo atakuja lini. Nilikuwa natoka nje ya wadi kila ukiuliza.

Simu imelia. Nimeiacha barua nikaenda kichinjioni, wana nguruwe mmoja anayengoja muhuri. Nimerudi sasa. Ulimi wake ulikuwa umejaa vifuko, nimemkataa mzima mzima, mwenye nguruwe akanishika mkono akaniambia, inspekta, kichwa tu ndicho kibaya, nyama nyingine tazama ilivyo nzuri. Nimesimama pale mpaka alipofukiwa. Watu husema siku hizi nimekuwa mkali, sicheki, sionji. Wanadhani ni uzee.

Kuna kitu kimoja nataka kukuambia cha kazi yako, halafu sitakuambia kingine. Utakapokaa kwenye kiti kama kile cha yule daktari, na picha iko dirishani, usimruke mtu kwa sababu anaonekana kuelewa. Mchungaji, mwalimu, daktari mwenzako, baba mwenye koti jeupe. Mtazame huyo kwa muda ule ule unaomtazama dada wa kazi. Mweke peke yake kwenye chumba umwulize taratibu, bila kumwaibisha, maana ningeulizwa hivyo huenda ningesema. Sina hakika. Na vichupa, tafadhali, usimpe baba mtu avibebe.

Miaka miwili iliyopita nilienda Mitunguu kutafuta miche ya ndizi. Nikafika pale wanapopimia ndizi, nikamkuta Kagendo ameshika daftari, yeye ndiye anayeandika. Nilitaka kurudi kwenye pikipiki lakini alikuwa ameshaniona. Alinisalimia kwa jina la Baba Wawira, vizuri, kama mtu tuliyeachana naye jana. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama bado unaanguka. Nikamwambia mara moja moja tu, na dawa zinashika. Akaniuliza unasoma kidato gani. Akauliza kama bado hutaki kijiko.

Pale pale mwanamke mmoja mwenye kikapu akamtania, akamwita jina fulani la Kimeru ambalo sikulielewa, na wenzake wakacheka. Nilimwuliza mama yako baadaye maana yake, nikisingizia nimelisikia sokoni. Ni jina la mtu anayekula nguruwe gizani. Nilikuja kujua kwamba wazee wa kanisa lao walikuwa wamesikia kisa chetu kupitia binamu ya mama yako, wakamketisha Kagendo wamhoji, akakana, wakamtoa kwaya kwa sababu ya kukana. Karatasi ya maabara ilisema, na maabara haina chuki na mtu. Jina likabaki.

Alinipa mkungu wa ndizi nikuletee. Ulizila wiki nzima ukazisifu, nikakuambia nimenunua. Alinipa pia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, ili siku moja umpigie. Karatasi hiyo imekaa ndani ya pochi yangu nyuma ya kitambulisho. Kila nikitoa kitambulisho naiona.

Nilikuwa nimepanga hivi. Niandike barua hii, niifiche katikati ya mablanketi ndani ya sanduku lako, uikute Meru kesho usiku, uwe mbali, nami niwe hapa. Nilifurahi kabisa na mpango huo mpaka kama saa sita mchana. Halafu nikauona ulivyo. Ni plasta ile ile tena: mtu mwingine abebe, mimi niondoke na pikipiki. Ungesoma peke yako kwenye chumba cha watu usiowajua, ukalia, na pengine ukaanguka, asiwepo anayejua la kufanya. Nikaona hata nikikiri nakiri kwa uoga.

Basi nimetoa ile karatasi, nimepiga. Nilikosea namba mara mbili.

Alipokea. Nikasema ni Baba Wawira. Akauliza, "Mtoto ameanguka?" Nikamwambia hapana, mtoto ni mzima, kesho anaenda koleji. Kisha nikamwambia yote, plasta, kona ya mibuni, Chuka, yote, bila kupumua, kwa sababu niliogopa nikipumua nitaanza kujitetea. Nilipomaliza nikasikia watu wakizungumza nyuma yake na mizani ikigongwa.

"Najua," alisema. "Nilijua siku ile ile. Ni mimi nilikuwa naosha choo, Baba Wawira."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Sikupaswa kuuliza, lakini niliuliza. Akasema angemwambia nani, mimi ndiye niliyekuwa na muhuri.

Kisha sauti yake ikabadilika. Aliniambia mama yake alifariki mwaka jana, baada ya Pasaka. Kabla hajafa alimwita kando ya kitanda, akamshika mkono, akamwambia mwanangu, lile jambo la nguruwe nimekusamehe. "Alinisamehe kitu sikufanya," Kagendo aliniambia. "Nikamwambia asante, mama. Ningefanya nini? Alikuwa anakufa."

Nilisema pole, na neno lenyewe likanitia kinyaa. Nikamwambia nitakuja Jumamosi, nisimame mbele ya kanisa lao niseme. Akasema nije, na nisije na zawadi. Kisha akauliza kama wewe unajua, nikamwambia nimekuandikia barua. Akacheka kidogo, hakikuwa kicheko kizuri. Akasema kuandika ni rahisi. Akasema, "Msomee wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na Mama Wawira akiwa hapo." Kisha akasema ana lori la kupakia, akakata.

Sasa ni saa kumi. Mama yako amenitumia ujumbe kwamba mko Runyenjes mnangoja boda ya kubeba godoro. Nina kama nusu saa. Nimeosha uso, nimeweka viti vitatu mezani, kisha nimekaa kwenye kila kimoja, nimesimama tena. Mama yako nami tumelala kitanda kimoja miaka yote hii, na yeye ndiye aliyefunga ule mfuko wa nguo kwa mikono yake akiniamini. Sijui atafanya nini. Wewe pia sijui. Huenda kesho mkaondoka bila mimi kuwasindikiza, na nitaelewa. Jumamosi nitakuwa Mitunguu. Kutoka Meru si mbali, lakini sikuombi uje. Nakuomba kitu kimoja cha sauti yako: lile jina ulilolitaja Jumapili, popote utakaposimama tena na maikrofoni, lisafishe. Langu liseme lilivyo.

Boda naisikia pale kwenye kona. Nitawaketisha, nitafungua karatasi hii, nitaisoma yote. Nikifika mahali pa plasta huenda sauti ikakwama, kwa sababu najijua. Na wewe una huruma, utataka kuniambia basi baba, imetosha, tumeelewa. Usiseme hivyo, mama. Nyamaza, uningojee mpaka niseme.

Njeru, baba yako